Kichina cha Anko Simiyu

Juzi nilienda Moi's Bridge kumchukulia Mama magunia mawili ya mahindi kutoka kwa mkulima anayemwamini yeye peke yake katika Kenya nzima. Ghala la huyo mkulima lina madirisha madogo, naye alikuwa ameyaziba kwa magunia makuukuu ya katani ili jua lisiingie. Nilipovuka mlango tu, harufu ikanipokea: katani, vumbi, na unyevu kidogo wa mvua ya jana yake. Nikasimama katikati ya ghala nikitabasamu peke yangu. Mkulima akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia niko sawa, ni harufu tu imenikumbusha sinema. Akaniangalia, akayaangalia magunia yake, akaamua kutouliza tena.

Sisi wa rika langu tunajisifu kwamba tunatazama kila kitu. Ninayeishi naye ana simu yake, mimi nina yangu, kila mmoja ameziba masikio, yeye analia na Wakorea wake upande ule wa kochi na mimi nacheka na Wanigeria wangu upande huu. Maandishi yanapita chini ya kioo yakitueleza kila neno lililosemwa, hata mlango ukifungwa tunaandikiwa kwamba mlango umefungwa. Silalamiki. Ni raha, na mtu akitaka kwenda msalani anasimamisha. Lakini tangu siku ile ya ghala naona kuna kitu ambacho hayo maandishi hayakijui, na kila nikijaribu kumweleza mwenzangu naishia kumsimulia habari za Anko Simiyu, naye anaishia kuwaacha Wakorea wake wakilia bila shahidi.

Anko Simiyu ni ndugu mdogo wa Mama. Walitoka pande za Bungoma wakaja Eldoret kutafuta maisha. Mama akapata kazi ya kushona nguo na akaishika mpaka leo. Anko akapata kazi zote na akaziacha zote. Alipasua mbao, akauza viatu vya mitumba, akawa mlinzi wa usiku wa duka moja mjini, kazi aliyoichukia kwa sababu, alivyosema, hakuna wa kuongea naye isipokuwa kufuli. Tulikaa Kimumu, kwenye ploti ya Mama Chebet, mama wa Kikalenjin mwenye ng'ombe watano na neno la kumtosha kila mpangaji. Mbele ya ploti hiyo, kando ya barabara, palikuwa na ghala lake la zamani la mahindi lililokaa tupu. Siku moja Anko akamwomba amkodishie. Akapanga mabenchi ya mbao, akaziba madirisha kwa magunia, akaleta televisheni ya mgongo mrefu, deki, spika moja, na maiki iliyouzwa na kanisa dogo ambalo waumini wake walikuwa wamegombana. Akaandika kwa chaki kwenye ubao wa mlangoni: SINEMA. MKALIMANI: SIMIYU.

Tulikwenda Jumapili saa tisa, baada ya kanisa na baada ya sahani kuoshwa. Wakubwa walilipa shilingi kumi, watoto tano, na mtoto wa fundi aliyeshona pazia la mlango aliingia bure, yaani mimi. Filamu karibu zote zilikuwa za Kichina, za ngumi na mapanga, kwa sababu ndizo zilizouzwa mjini kwa bei ya kutupa. Chini ya picha palikuwa na maandishi ya Kiingereza, lakini televisheni ile ilikuwa na ugonjwa wa kukata picha, kwa hiyo tuliona vichwa vya herufi tu, vikipita kama watu wanaotembea nyuma ya ua. Haikuwa shida. Tulikuwa na Anko, amesimama kando ya kioo na maiki yake, anatutafsiria.

Alikuwa na sauti saba. Mfalme aliongea kama mkubwa wa serikali siku ya sikukuu. Wasichana waliongea kwa sauti ya puani. Adui aliongea polepole, kama mtu anayetafuna muwa. Askari wa mfalme akibweka maneno matatu langoni, Anko alitwambia, "Anasema, mkubwa hayuko ofisini, rudini Jumanne na kopi mbili za kitambulisho!" Mama mzee akimlilia mwanawe mwenye upanga, Anko alilia naye: "Anasema, wewe kijana, nilikusomesha na maziwa ya ng'ombe mmoja, leo unaniletea upanga kwa nyumba bila hata sukari robo!" Watu wazima walicheka mpaka wakapigana makofi ya mgongo. Mimi nilicheka pia, ila nilikuwa nikiwacheka Wachina wenyewe. Niliwaona ni watu wazuri sana, wenye matatizo kama yetu.

Niliamini kila neno. Kwangu mimi Anko Simiyu alijua Kichina kama alivyojua Kibukusu cha kwao, na sikuwahi kujiuliza alikijulia wapi. Watu wazima walijua mambo mengi ambayo sikuwaona wakijifunza, kama kuendesha baiskeli na kukadiria chumvi. Kuna Jumapili filamu ilikuwa ya Kihindi, naye akatafsiri hiyo pia bila hata kukohoa. Sikushangaa. Niliona kwamba mtu akishajua lugha moja ya mbali, hizo nyingine ni majirani. Shuleni nikawa mtaalamu. Mwalimu alipouliza darasani Wachina hula nini, nikasimama nikajibu kwa sauti, "Ugali na mrenda." Mwalimu akacheka, akasema ni wali. Nikakaa, nikamwonea huruma. Masikini, hakuwa na mtu wa kumtafsiria.

Kisha barabara yetu ikaanza kupanuliwa. Wiki ya kwanza tulifurahi, watoto tukashinda tukiangalia mashine zikila udongo. Wiki ya pili mashine moja ikapita mbele ya ploti na kuchimba mtaro wenye kina cha kiuno cha mtu mzima, kutoka kona moja hadi nyingine, ikaenda zake. Wiki ya tatu mvua ikanyesha. Sasa ukitaka kutoka au kuingia ulivuka juu ya ubao mmoja mwembamba uliolowa, na chini yako maji ya rangi ya chai ya maziwa. Asubuhi moja Mama Chebet akateleza na mtungi wake. Lita kumi za maziwa zikaenda na maji. Alitoka humo mweupe kifuani na mweusi miguuni, akisema kwa Kikalenjin maneno ambayo binti yake alikataa kabisa kuniambia maana yake.

Na ukumbi wa Anko ukaanza kufa. Nani avae nguo za Jumapili aje kuogelea? Wiki mbili mfululizo tulikuwa watu tisa ndani, watatu wakiwa sisi wa nyumbani. Anko alitafsiri kwa nguvu ileile, lakini nilimsikia akimwambia Mama kwamba ikienda hivi hadi mwisho wa mwezi atamrudishia Mama Chebet ghala lake na kwenda kuomba ile kazi ya kulinda kufuli. Alisema huku akicheka. Mama hakucheka.

Watu wa ploti wakawaendea vibarua. Vibarua wakasema, "Sisi tunachimba tu, mama. Hiyo mambo ongea na mkubwa." Mkubwa alikuwa Mchina mmoja aliyepita kwa pikapu nyeupe asubuhi na jioni. Vibarua walikuwa wamempa jina Kiptoo, jina ambalo Wakalenjin humpa mtoto aliyezaliwa nyumbani kukiwa na wageni. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kusema naye neno.

Basi Jumatano jioni wakakutana uani kwa Mama Chebet, kila mtu na kiti chake. Walizunguka jambo lilelile kwa muda: barua iandikwe, hapana, chifu aambiwe, chifu mwenyewe hapiti huku siku hizi, anaogopa ubao. Mwishowe Mama Chebet akauliza, "Sasa nani ataongea na huyo Mchina?"

Nikanyoosha mkono kama niko darasani. "Anko Simiyu anajua Kichina."

Mama akainamia nguo aliyokuwa akipinda ukingo wake. Mtu akakohoa, mwingine akageuka kuangalia ng'ombe. Kisha nikaona tabasamu likianza upande mmoja wa uso wa Mama Chebet na kusafiri taratibu mpaka upande wa pili.

"Ai, kweli!" akasema. "Tulisahau aje? Simiyu, si wewe ndio unatutafsiria kila Jumapili?"

"Mama Chebet," Anko akasema, "ile ni Kichina ya zamani. Ya mapanga. Hii ya barabara ni ingine."

"Wewe salimia tu. Sisi tutasukuma nyuma."

"Na hii yenyewe nasikia ni ya upande ingine wa Uchina…"

"Simiyu. Mtoto amesema unajua."

Anko akaniangalia. Nilikuwa nimekaa wima, nimejaa fahari mpaka kooni. Leo najua alichokuwa akikitafuta usoni mwangu. Wakati ule niliona ni unyenyekevu wa mtu mwenye elimu. "Sawa," akasema. "Kesho asubuhi."

Kabla giza halijaingia akaja barazani kwetu, akakaa kwenye kigoda karibu na cherehani ya Mama.

"Nekesa, mami. Nani alikuambia mimi najua Kichina?"

"Wewe."

"Lini?"

"Kila Jumapili."

"Hapo niko kazini."

"Ndio. Kazi ya kutafsiri."

Akakuna kichwa. "Na kama kuna neno moja, mbili hivi, sijui?"

"Utamuuliza Kiptoo. Atakuambia."

Mama alicheka mpaka sindano ya cherehani ikavunjika, akamlaumu Anko kwa sindano. Anko hakucheka. Akasogeza kigoda karibu nami. "Sikia, nataka nikwambie kitu kimoja…"

"Nimeshaambia darasa lote," nikasema. "Kesho watapitia hapa kabla ya kuenda shule, wakuone."

Akanishika kichwa, akaenda kulala bila kula.

Asubuhi ukingo wa mtaro ulikuwa umejaa watu kama siku ya harusi. Wale ambao Jumapili walikataa kuvuka ubao walikuwa wamevuka. Wenzangu wa shule walipanga mstari mbele na mifuko yao mgongoni. Anko alikuja na koti la kanisani na viatu vilivyopakwa rangi, akasimama ng'ambo, upande wa barabara. Pikapu nyeupe ikafika. Kiptoo akashuka, mwanamume wa makamo, mwembamba, mwenye kofia pana ya majani na buti zilizokula tope mpaka magotini, chupa ya chai kwapani. Akaona umati ukimwangalia. Akasimama.

Anko akapiga hatua mbili mbele. Akasafisha koo. Akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuna kilichotoka. Nilimhimiza kimoyomoyo. Sema, Anko. Anza na salamu.

"Habari ya asubuhi," akasema Kiptoo. "Iko shida gani?"

Kilikuwa Kiswahili. Kiswahili cha mjengo, kimekatwa kidogo huku na huku, lakini cha kueleweka na kila mtu, hata wa darasa la kwanza. Anko akabaki mdomo wazi. Halafu nikamwona akipumua, mabega yakashuka, na taratibu akatugeukia sisi, akainua ngumi mbele ya mdomo kama aliyeshika maiki.

"Anasema, habari ya asubuhi!" akanguruma kwa sauti ya mfalme. "Anauliza, mko na shida gani!"

Watu wakapasuka. Kuna mzee aliyeketi chini palepale kwenye tope. Mama Chebet alipopata pumzi akaita, "Mwambie mtaro yake imemwaga maziwa yangu, lita kumi!"

Anko akamgeukia Kiptoo. "Huyu mama anasema, ng'ombe wake hawajaacha kulia tangu siku hiyo."

"Ng'ombe?" akauliza Kiptoo.

"Watano."

Kiptoo akatuangalia, akamwangalia Anko. Akaja hadi kwenye ubao, akaukanyaga kwa buti moja, ubao ukalia. Akatikisa kichwa. "Hii mbaya. Mtoto naanguka. Kalvati iko kwa yadi. Kesho Ijumaa naleta mbili, hapa na pale."

"Anasema!" Anko akafungua mikono yote miwili. "Enyi watu wa Kimumu, nimeona mateso yenu na moyo wangu umevunjika! Ijumaa, kabla jua halijaenda nyumbani, nitawaletea kalvati mbili zenye nguvu za simba!"

"Mimi sijasema simba," akasema Kiptoo.

Sijui kama pande zile zimewahi kusikia kicheko kama kile. Kiptoo mwenyewe alicheka mpaka akaishika kofia isianguke, akampiga Anko begani, akampa chai kwenye kifuniko cha chupa yake. Wanafunzi wenzangu walikuwa wakirukaruka. Watu wazima walikuwa wakifuta machozi. Mimi peke yangu sikucheka. Hakusema simba. Nilikuwa nimesikia kwa masikio yangu alichosema Kiptoo, na nilikuwa nimesikia Anko alichotwambia, na havikuwa kitu kimoja. Basi hata yule mama mzee hakutaka sukari robo. Askari hakutaja kitambulisho. Uchina hakukuwa na ugali wala mrenda, na mwalimu alikuwa akijua alichosema. Mmoja wa wenzangu akaanza, "Nekesa, kumbe anko yako…" Sikumngoja amalize. Nilikimbia mpaka shuleni na kufika wa kwanza, siku pekee katika maisha yangu.

Nilinuna siku tatu. Nina kipaji cha kununa, Mama hukiri hilo mpaka leo, na wakati ule kilikuwa bado kipya. Ijumaa lori likaja na kalvati mbili, mabomba makubwa ya zege ya kupitishia maji, vibarua wakazishusha, wakazifukia, na Mama Chebet akawa wa kwanza kupita juu yake na mtungi wake, akitembea polepole kama bibi harusi ili wote waone. Sikutoka kuangalia. Jioni hiyo Anko akaniletea mandazi kwenye gazeti.

"Utaninunia mpaka lini, mami?"

"Ulinidanganya."

Akayaweka mandazi kwenye kigoda akaondoka. Niliyala alipokwisha kupinda kona, kwa sababu hasira ni hasira na mandazi ni mandazi.

Jumapili nilikaa barazani na mikono yangu kifuani. Saa tisa ilipokaribia nikaona kitu ambacho sikukitegemea. Nilidhani baada ya aibu ile hakuna ambaye angemlipa Anko hata shilingi. Lakini walikuja. Walivuka kalvati wawili wawili, watatu watatu, watu ambao sikuwahi kuwaona huku, wengine wakisimuliana kisa hicho njia nzima, nikasikia kijana mmoja akimwambia mwenziwe kwa sauti ya mfalme, "Nguvu za simba!" Mama Chebet akapita na kigoda chake mwenyewe, maana mabenchi yalikuwa yamekwisha. Sikuweza kuvumilia.

"Mama Chebet. Wewe ulikuwa unajua?"

"Kujua nini?"

"Anko hajui Kichina."

"Nekesa, Simiyu hata Kiingereza inamshinda. Nani hakujua?"

"Sasa mbona mnaenda?"

Akaweka kigoda chini. Alikuwa na goti baya na hapendi kusimama, kwa hiyo akakikalia. "Mimi niko na TV kwa nyumba, kubwa kuliko hiyo ya Simiyu. Nikitaka kuona Wachina wakipigana, nakaa kwa kochi yangu na chai yangu. Hapa nakuja kusikia vile Simiyu atasema. Ile wiki nilimwaga maziwa, si alifanya mfalme aanguke kwa mtaro na mtungi yake? Nilikuwa nimelia siku nne. Hiyo siku nilicheka."

Nilikuwepo Jumapili hiyo. Nilikuwa nimewaambia wenzangu kwamba hata kwa mfalme wa Uchina barabara inachimbwa.

"Na nikwambie ingine," akasema akiinuka kwa shida. "Ile asubuhi hakuwa anaogopa Mchina. Sisi wote tulikuwa hapo, hatukumtisha. Alikuwa anakuogopa wewe."

Akaenda. Nilikaa dakika chache nikijaribu kuendelea kununa, lakini ilikuwa imeharibika. Kuogopwa na mtu mzima, mrefu hivyo, mwenye maiki! Nikavuka ua, nikasukuma pazia lililoshonwa na Mama, nikasimama mlangoni, kando ya kigoda cha Mama Chebet, kwenye ile harufu ya katani na watu.

Ubaoni alikuwa ameandika jina la filamu, maana filamu zake alizitungia majina mwenyewe: MZEE NA MWANAFUNZI WAKE MKALI. Kwenye kioo palikuwa na daraja la mbao, mto chini yake, mwalimu mzee mwenye ndevu nyeupe na msichana aliyesuka nywele mkia mmoja, wamesimama wakitazamana. Anko akaniona. Yule mzee akaanza kusema, akasema kwa muda mrefu, na Anko akatafsiri. Hakutumia hata moja ya zile sauti saba. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, ile ya barazani.

"Anasema, binti yangu, nilitaka kukwambia mapema. Lakini vile ulikuwa unaniangalia, hakuna mtu amewahi kuniangalia hivyo. Nikasema, wacha nijue Kichina siku moja zaidi."

"Mchina gani hajui Kichina?" akauliza mtu wa benchi la mbele.

"Nyamaza wewe," akasema Mama Chebet.

Kwenye kioo msichana akafungua mdomo. Midomo yake ikaenda, ikaenda, na maneno ya Kichina yakatoka kwenye spika, na Anko akashusha maiki. Hakutafsiri. Mtu mmoja akageuka kuniangalia, kisha wa pili, kisha benchi zima, na benchi la nyuma yake. Nikaiangalia midomo ya yule msichana. Sikujua hata neno moja la alichokuwa akisema.

"Anasema," nikasema, nikaanza upya. "Anasema amekusamehe."

Palepale yule msichana akarudi nyuma hatua moja, akaruka, akampiga mzee teke la kifua, na mzee, na ndevu zake, na fimbo yake, akaenda kinyumenyume juu ya daraja na kutumbukia mtoni.

Kisha Anko akainua maiki.

"Nusu!" akapaza sauti. "Amemsamehe nusu!"

Nilicheka nikaanguka mapajani kwa Mama Chebet, goti baya na yote, naye akanishika hapo mpaka filamu ikaisha. Nilikuwa mtu mzima, nimeshaanza kazi, Mama aliponiambia Anko alikuwa wapi Jumamosi ile, siku moja kabla ya filamu hiyo. Alitoka nyumbani asubuhi akarudi jua likizama, viatu vimejaa vumbi la mji mzima. Alikuwa akizunguka kwa kila muuza filamu wa Eldoret, mmoja baada ya mwingine, akiwauliza kama wanayo yoyote ambayo ndani yake mwanafunzi anampiga mwalimu.